Ndege Iliyoomba Uwanja Wetu

Nakumbuka Jumapili moja hapa Pugu, mwanangu, na hadi leo nikiisimulia siwezi kutulia kwenye kiti. Ilikuwa fainali ya mtaa, wa bondeni na wa mlimani, na mie ndiye niliyeongoza washangiliaji. Sauti niliyokuwa nayo enzi zile, acha tu.

Mara ndege ndogo ikatokea juu ya msitu, chini chini, inakohoa. Mfadhili wa kombe alikuwa ametuahidi jezi. Nikapiga kelele, "Jezi hizo! Zinadondoshwa!" Uwanja wote ukajaa watu, mie mbele na kanga yangu juu. Ndege ikazunguka. Rubani akatoa mkono dirishani akipunga kwa nguvu, nami nikampungia. Vigelegele!

Kisha ikanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini nani alikuwa na masikio? Mwamuzi wetu tu, Mzee Chitanda, mchonga vinyago aliyetoka kusini.

"Injini imezima! Anataka kutua hapa, tokeni!"

Tukadhani ana haraka na mechi yake. Akavua shati, akalizungusha kichwani huku anakimbia: "Nyuki! Nyuki!"

Weee! Kila mtu na njia yake. Nilijikuta kwenye mihogo, kiatu kimoja mkononi. Ndege ikapita juu yetu bila mlio, ikagonga ardhi, ikang'oa goli, bawa likakatika, ikalala ubavu. Tukashika vichwa. Mlango ukafunguka, rubani akatoka anachechemea, uso damu tupu, anamvuta abiria wake. Wazima wote wawili! Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Nikamwendea mzee kumshukuru kwa nyuki wake wa uongo. Hakutabasamu.

"Mtu anakuomba nafasi, we unamshangilia. Ulimtazama usoni, binti, au ulitazama jezi?"

Maneno yale yaliniingia kuliko kofi.

Basi nawe, mwanangu, mtu akikujia mbio, awe ndugu, jirani, hata mwenzio wa ndani, usiangalie kwanza kakubebea nini. Mtazame uso, muulize ana shida gani. Huenda hana pengine pa kwenda. Na mkubwa akikukemea, tii kwanza, maswali baadaye.

Mungu akupe jicho la kumwona mwenye dhiki. Na siku dhiki itakapokuwa yako, akukutanishe na watu wanaojua kupisha.