Mama wa Stechford

Bibi mmoja wa Kijapani, mjane aliyekuwa akiishi Stechford, mtaa wa Birmingham, karibu na stesheni, aliniajiri niwe mkalimani wake kwa sababu nilikuwa nimesoma Japani. Kila mwaka baridi ilipopungua aliwapeleka Waingereza wachache kulala kwenye mahekalu ya Kibudha huko Japani na kula chakula cha watawa. Kabla ya safari aliwafundisha sebuleni kwake namna ya kuinama, kukaa kimya, na kumaliza wali wote bakulini. Aliwaambia kila kitu kinapita, na uzuri wake uko hapo hapo. Mimi nilimwita Mama.

Mwaka wa mwisho alionja supu yake ya mwani akasema haina ladha. Nikaongeza chumvi. Akasema bado. Wageni waliinywa kwa adabu.

Ndani ya ndege Kiingereza kikampotea. Akawa anawasemesha wageni Kijapani, nao wakadhani ni sehemu ya mafunzo. Niliwatafsiria uongo, maana alikuwa akiwauliza ni akina nani na wamefuata nini.

Hekaluni, baada ya ibada ya asubuhi, hakugusa chakula. Alinishika mkono.

"Nipeleke nyumbani, mwanangu."

"Mama, tumeshafika. Hapa ni Japani."

"Najua. Nipeleke nyumbani."

Basi niliwaacha wageni na mtawa mmoja aliyejua Kiingereza kidogo, nikampeleka kwa treni hadi mji alikozaliwa. Nyumba yao ilikwisha kuvunjwa, pamekuwa maegesho ya magari. Akaniambia tumepotea njia. Nikamkubalia.

Tuliporudi Birmingham mwanawe wa kumzaa alimpeleka kwenye nyumba ya wazee. Hakuna aliyejua Kijapani humo. Nilimpelekea wali laini mpaka wauguzi waliponikataza, wakihofia atapaliwa. Baadaye hata mimi alinisahau. Nikimsemesha kwa lugha yake, alikuwa akigeukia dirishani.

Nilijaribu kuiendeleza kazi yake nyumbani kwangu Sparkhill. Nilipika supu, nikatandika mikeka, nikawaalika wageni wa zamani. Walikuja wawili, mtu na mkewe. Nilianza kuwaeleza habari za mahekalu, mabasi yakinguruma nje. Mume akanitazama, mimi na mtandio wangu, akauliza kwa upole mwalimu atafika saa ngapi.

Nikamwambia hatakuja. Wakamaliza supu, wakachukua makoti yao.