Diski ya Ubatizo na Sala ya Saa Sita

Majina ya waliobatizwa katika parokia yetu ya Mapendo yalikuwa kwenye diski moja tu. Madaftari tuliyaacha nyuma tulipokimbia vita, na mimi, katibu, nilimshukuru Mungu kwamba diski inaenea mfukoni. Kisha ordinateri, kompyuta yetu ya ofisi, ikakataa kuitambua.

Alhamisi asubuhi mama mmoja wa Masisi alikuja kukaa ofisini. Binti yake alikuwa afunge ndoa Jumamosi huko Himbi, na pasta wa kule alitaka cheti cha ubatizo, si maneno ya mama.

Tulimwita fundi, mwanamke aliyekuwa mpole kwa mashine kuliko kwa wazee. Alinieleza kwamba kati ya ordinateri na diski kuna programu ndogo, piloti, nayo hupewa amri kwa namba: moja huuliza ukubwa wa diski, nyingine huifungua, nyingine hufuta vyote.

"Na ukikosea namba?"

"Tutabatiza upya, muzee. Anza kuchota maji."

Niliomba kwanza tuiwekee diski mikono.

"Weka, papa. Lakini piloti haijuake sala, inajuaka namba tu."

Alituma namba yake. Diski ikavuma, majina yakaanza kuhamia kwenye diski mpya, naye akatoka nje kupokea simu.

Ikafika saa sita. Ofisini kwetu, saa sita tunasimama kusali, na kila chenye sauti kinazimwa: redio, simu, feni. Diski ilikuwa bado inavuma. Nilifumba macho, nikapapasa, nikaichomoa. Kisha nikaomba kwa muda mrefu, zaidi kwa ajili ya diski ile.

Fundi aliporudi alisimama mlangoni.

"Nani alichomoa?"

"Tulikuwa tunasali."

"Munasalia nini?"

"Diski."

Akakaa chini. Mama wa Masisi akaacha kujipepea. Fundi alirudisha waya, akatuma namba, kimya. Akatuma tena, kimya. Mara ya tatu diski ikavuma.

"Shukuru nilikuwa ninaisoma tu, papa. Kama nilikuwa ninaandika ndani, kwisha."

Alianza upya tangu jina la kwanza. Saa kumi tulilipata jina la binti, nikaandika cheti, nikagonga muhuri.

"Mungu amesikia sala yako, papa," mama akasema, akikipokea kwa mikono miwili.

Nilimtazama fundi. Alikuwa anakunja waya wake polepole.

"Alisali kabisa, mama," akasema. "Hata diski ilinyamaza."