Idi, Mimi na Katuni za Kiarabu

Enzi zetu katuni za Kijapani zilikuwa zinaongea Kiarabu. Watoto wa leo nikiwaambia hivyo wananitazama kama nina homa, lakini nyie wenzangu mliokulia Kariakoo kabla haijajaa maghorofa mnanielewa. Mzee Nassor wa duka la vitambaa, Mtaa wa Sikukuu, alikuwa na ndugu zake Maskati, na ndugu hao wakija likizo walileta halua, udi, na kanda za video za watoto. Deki ilikuwa sebuleni kwake, nyuma ya duka. Tukitoka madrasa alasiri tunavua ndala mlangoni, tunabanana kwenye busati watoto ishirini, jasho tupu, na kwenye televisheni kuna kijana wa Kijapani mwenye nywele zilizosimama anafoka kwa Kiarabu fasaha.

Mama yangu alikuwa adui mkubwa wa video. Alisema mtoto wa video haolewi wala haoi. Sasa siku moja akapita uchochoroni kwa Mzee Nassor, akasikia Kiarabu kinatoka dirishani kwa sauti kali, kama mtu anahutubia. Alirudi nyumbani uso umemng'aa. Akamwambia jirani, "Wanangu wanasikiliza mawaidha." Tangu hapo nikichelewa kurudi anasema, "Muacheni, yuko kwenye elimu." Bibi ndiye aliyepitiliza. Alikuja kunichukua, akakuta shujaa amepiga magoti kwenye mvua, analia, anaapa kulipa kisasi. Bibi akainua mikono miwili, akaitikia, "Amin." Na sisi tukaitikia amin, tungefanyaje?

Shida ilikuwa moja tu. Kiarabu tulijua kukisoma, kukielewa hatujui. Tuliangalia ngumi na machozi, na kila mtu akajipangia kichwani kwake nani ni nani. Mpaka alipokuja Idi.

Idi alitoka Lindi na mama yake, wakapanga chumba cha mwisho kwenye nyumba yetu, kile cha karibu na choo. Alikuwa na miaka kumi kama mimi, mwembamba, kaptula imefungwa kwa kamba ya katani. Siku ya kwanza tu alipoingia kwa Mzee Nassor akakaa mbele kabisa, na kanda ilipoanza akaanza kutafsiri. "Anasema baba yake hakufa, amefichwa." "Huyu dada anasema hampendi, lakini muongo, muangalie macho." Sebule nzima ikamgeukia yeye. Tulipotoka nikamuuliza amejifunzia wapi Kiarabu. "Lindi," akajibu, na tukamwamini, maana nani kati yetu aliwahi kufika Lindi?

Uongo mtupu. Alikuwa anatunga pale pale, mdomo ukienda sambamba na picha. Tulikuja kugundua siku Mzee Nassor mwenyewe, anayekijua Kiarabu kama sisi tunavyokijua Kiswahili, alipopita kwenda kutia udhu, akamsikia. Alisimama mlangoni na birika mkononi. Tukajua leo Idi anakula bakora. Mzee akasikiliza mpaka kipande kikaisha, akacheka, akasema, "Endelea bwana mdogo. Ya kwako tamu kuliko ya wenyewe."

Hapo ndipo wivu uliponiingia. Nasema wazi kwa sababu uzee unakaribia na sina wa kumdanganya. Kabla ya Idi, msanii wa mtaa nilikuwa mimi. Darasani mwalimu akitaka ramani ya Afrika ubaoni aliniita mimi. Akitaka mfumo wa chakula, utumbo mkubwa na mdogo, ni mimi na chaki zangu za rangi. Mama alikuwa ananitangaza hadi buchani. Halafu anakuja mtoto wa chumba cha chooni, anasifiwa kwa kudanganya!

Na kudanganya lilikuwa dogo. Idi alikuwa na daftari la kaunta, lile gumu, na kwenye kona ya kila ukurasa amechora kijitu. Ukurasa huu mguu umeinuka kidogo, unaofuata umeinuka zaidi. Unashika daftari kwa kidole gumba, unaziachia kurasa trrrr, na kijitu kinakimbia, kinaruka ukuta, kinapiga ngumi, adui anaanguka. Watoto walipanga foleni koridoni kwetu kama kwenye bomba la maji. Mimi nikachora simba, manyoya moja moja, nikakaa naye siku mbili. Nikawapelekea. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza, mwenye makamasi, akamwangalia simba wangu, akaniuliza, "Mbona hakimbii?"

Sikulala vizuri wiki ile. Hasidi hana sababu, bibi alikuwa anasema, ila mimi sababu nilikuwa nayo.

Mnamkumbuka muuza karanga wa kila kona enzi hizo. Wetu alikuwa Mama Chausiku, alikaa kona ya Msimbazi na sinia lake, na karanga alifunga kwenye karatasi za madaftari alizozizungusha kama pembe. Mtoto ukimpelekea daftari lililoisha, anakupimia karanga kwa kile kikopo cha nyanya. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yetu ya kila mwisho wa muhula. Jumamosi moja Idi na mama yake walienda msibani Magomeni. Chumba chao mlango wake ulikuwa pazia tu. Nikaingia, nikalivuta daftari chini ya mto, nikalifunika kwa shati. Mama Chausiku akalifunua. "Mbona lina michoro?" Nikamwambia, "La zamani hilo, mama." Akanipimia vikopo viwili. Nilizila karanga zote peke yangu nyuma ya banda la kuku, na zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Idi aliporudi alipekua chumba kizima, akatoa hadi godoro. Akalia koridoni kwa sauti, mtoto wa kiume, watu wote wanamwona. Kesho yake akapita mtoto anakula karanga, na kwenye karatasi yake kuna kijitu kimeinua ngumi. Idi aliitambua kwa mbali. Unajua alimshuku nani? Mama yake. Alidhani mama amelipeleka pamoja na makaratasi ya kuwashia jiko. Hakumuuliza hata, alisema mama amechoka. Akanigeukia mimi, rafiki yake, akaniambia, "Twende tukazitafute."

Tukaenda. Tulizunguka Kariakoo yote, kutoka Msimbazi hadi sokoni, tukashuka Shimoni, chini ya soko, kwenye magunia ya dagaa, tunaokota karatasi zilizotupwa. Mimi ndiye niliyekuwa nainama mbele, nafunua, namwambia, "Idi, hii hapa!" kama mtu mwema. Tulipata kumi na tisa. Nyingine zilikuwa na mafuta mpaka picha haionekani. Na adhabu yangu ikaja upesi: watoto wa Kariakoo wakaanza kununua karanga ili wapate kijitu. Wanabadilishana, wanagombana, nani ana mguu, nani ana ngumi. Mwezi haukuisha, jina la Idi limefika hadi mtaa wa Gerezani. Nilitaka kuzima moto, nikaumwagia mafuta ya taa.

Siku hizi watoto hawaokoti chochote. Binti yangu Rehema ana miaka kumi na mbili, anaangalia anime, ndizo hizo katuni za Kijapani, kwenye simu amelala chali, masikio yamezibwa, na kila ule wimbo wa mwanzo ukianza anaurusha. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, anayasoma kwa kasi ya karani. Kijapani anajua kusalimia na kuomba radhi. Kizaramo cha bibi yake hajui hata kuombea maji. Nikimwambia sisi tuliangalia bila kuelewa neno, ananihurumia.

Lakini naangalia naye, nikishafunga duka. Mke wangu ananicheka, mtu mzima na ndevu zake. Zamu hii kuna moja inayopendwa na dunia nzima, na hadithi yake, wallahi, ni ovyo. Mtu anakaa amekufa vipindi vitatu, watu wanalia, cha nne anarudi na nguo mpya. Ngumi moja inarushwa Jumapili hii, inafika Jumapili ijayo, katikati wote wanakumbuka utoto wao. Wanawake wamo wa kupiga kelele tu. Nalalamika mwanzo hadi mwisho, na kikiisha nauliza kingine lini. Ule upepo kwenye nywele, ile miguu inavyogusa maji! Moyo unanienda mbio kama nipo kwenye busati.

Na ndani ya hiyo kuna mkono wa Idi. Ndiyo. Idi yule yule. Mimi nilirithi kwa mjomba duka la mapazia. Idi alibaki kwenye penseli, akaishia kwenye ofisi moja ghorofani Upanga inayochukua vibarua vya katuni kutoka nje. Kazi inatoka Japani, inapita mikono mitatu, inafika Upanga malipo yamebaki mifupa. Siku moja majina yanapita mwishoni, madogo kama sisimizi, Rehema akapiga ukelele, "Baba! Anko Idi!" Akasimamisha picha, akaipiga picha, akaituma kwa shule nzima. Idi alipokuja kututembelea, Rehema alimpa shikamoo ya magoti, ambayo mimi baba yake sijaipata tangu azaliwe. Akamwomba asaini daftari lake. Nilikaa pale na chai yangu nikasikia kile kitu cha utotoni kinanitambaa kifuani. Nina duka, nina nyumba Tabata, nina gari. Nikamwonea wivu mtu aliyekuja kwangu kwa miguu.

Maana nilijua anavyoishi. Alinieleza mwenyewe, bila kulalamika. "Bwana mkubwa kule anachora ngumi ikiwa juu, na ngumi ikiwa imefika. Za njiani zote ni zangu." Analipwa kwa picha, na picha ikirudishwa anairudia bure. Kuna wiki analala chini ya meza kwenye boksi la kompyuta. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, anashika kikombe kwa kushoto. Nikamuuliza hadithi wanampa nafasi atie neno? Akacheka. "Nimemchora yule jamaa akizikwa, wiki mbili, udongo chembe chembe. Halafu nasikia anafufuka. Nani ataniuliza mimi?"

Mwezi wa Ramadhani uliopita akaja dukani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Daktari amemwambia apumzike, ofisi imemwambia asirudi. "Ndugu yangu," akasema, "nitafutie hata pa kusimama." Nikamkubalia kabla hajamaliza. Haraka mno. Na nikijichunguza, nilifurahi. Nilifurahi kweli. Niliona sasa tumekuwa sawa.

Rehema ndiye aliyeniharibia. Nilipomwambia Anko Idi atauza mapazia na sisi, alizibua masikio, akauliza, "Na wewe hukumwambia asiache kuchora?"

Idi dukani ni mtu wa baraka. Akina mama wanampenda, anajua kitambaa gani kinaanguka vizuri na rangi gani italiwa na jua. Nikasema mkono ukipona atachora vyake. Bandeji ikatoka, vidole vikarudi. Hakuchora. Nikamnunulia daftari la kaunta, likakaa kwenye rafu mpaka likapata vumbi. Ijumaa moja, hakuna wateja, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Hadithi zako zilikuwa nzuri kuliko za wenyewe. Kwa nini usianze tena?" Akasema, "Zile zilipotea." Nikasema, "Hazikupotea. Mimi ndiye niliyezipeleka kwa Mama Chausiku."

Alikuwa anakunja shela, lile pazia jepesi la ndani. Akaikunja mpaka mwisho, akaiweka juu ya nyingine.

"Mama amekufa sijawahi kumuuliza," akasema. "Miaka yote najua ni yeye."

Nikaomba radhi. Akasema yamepita, tulikuwa watoto. Kesho yake alikuja kazini kwa wakati, akafungua duka, akafagia. Hajabadilika sana, ila haniiti tena ndugu yangu, ananiita bosi, kama wengine.

Enzi zile nilikuwa tayari kutoa kila nilichokuwa nacho ili watoto wamwache Idi na foleni igeuke kwangu. Juzi mama mmoja wa Upanga ameleta vipimo vya dirisha lenye upinde juu, hataki kuagiza tu, anataka aone kwanza pazia litakavyokaa. Idi akachukua kalamu na kipande cha karatasi. Nikasogea, maana tangu aje sijamwona ameshika kalamu kuchora. Ilikaa mkononi mwake kidogo. Kisha akanipa mimi.

"Bosi," akasema, "chora wewe."

Nikachora. Upinde, fimbo, mikunjo saba. Mama akasema inatosha, ameelewa. Idi alikuwa ameshageuka, anamkaribisha mteja mwingine.