Kadi Tulizozigeuza

Kabla ya kompyuta, zahanati yetu ya Tunduma ilikuwa na ustaarabu wake. Mtoto wa kliniki akifariki, hatukuandika neno kwenye kadi yake. Tuliigeuza tu kabatini, uso ukatazama nyuma, na nesi yeyote akiiona alijua asimtafute mama yule. Kadi ya mwanangu niliigeuza mwenyewe.

Mfumo mpya ulipokuja, mafundi walihamisha kadi zote mwisho wa wiki, sisi tukiwa mapumzikoni. Hakuna aliyewaambia habari ya zile zilizogeuzwa. Nani angekumbuka? Kwetu lilikuwa jambo la mkono, si la mdomo. Wao wakadhani tumezipanga ovyo, wakazinyoosha, wakaziingiza.

Jumatatu asubuhi kompyuta ikawatumia akina mama wote ujumbe. Simu yangu ililia nikiwa nampima uzito mtoto wa watu. Iliandika jina la mwanangu, halafu: anasubiriwa kliniki wiki hii. Nilimrudisha yule mtoto kwa mama yake haraka, nisije nikamwangusha. Niliichukia mashine ile kama mtu anavyomchukia jirani mmbea.

Mkuu wa zahanati akaniweka dirishani pa mapokezi, nizifunge kadi za watoto marehemu kwenye kompyuta, moja moja.

Mchana akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Ruanda. Nilimfahamu, binti yake alikufa kwa malaria, watu wakiwa kwenye mavuno ya kahawa. Nilijiandaa kutukanwa, na angekuwa na haki. Akanyoosha simu yake dirishani.

"Pole sana, mama," nikamwambia. "Ni kosa letu. Namfuta sasa hivi."

"Subiri kwanza, nesi. Tangu tumzike, nyumbani hakuna anayemtaja. Baba yake hataki kusikia. Bibi yake anasema nitamsumbua huko aliko. Hii simu ndiyo imemtaja." Akaivuta simu kifuani. "Kama ni lazima umfute, basi mwite kwanza. Mwite kama mnavyowaita wengine."

Ningeweza kumwambia nina kazi nyingi. Nikaita jina la binti yake kwa sauti yangu ya kuitia wagonjwa, foleni nzima ikisikia. Mama akasimama wima, akaitikia kwa niaba ya mwanawe.

"Abee."

Nikabonyeza. Akanishukuru, akafunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Kisha nikafungua kadi ya mwanangu kwenye kompyuta. Mimi na baba yake tumeishi nyumba moja tangu siku ile na hakuna aliyewahi kulitamka jina lile, tunalizunguka tu. Nikaita. Sauti ilitoka nusu, ikakatika. Nikaita tena, kwa nguvu.

Mzee mmoja akainuka kwenye benchi, akauliza kama zamu yake imefika.

"Bado, baba," nikamwambia. "Namwita mwanangu."