Kabla Karani Hajarudi

Ningeweza kusema tungoje hadi Jumatatu. Fundi alinipa nafasi ya kulisema neno hilo, tena mara mbili. Mimi nikajibu, "Futa tu, mama. Endelea."

Nilikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji aliniachia ofisi wiki ile kwa kuwa karani hakuwepo. Karani ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Alikuwa ameteremka mjini kupasuliwa mtoto wa jicho. Kompyuta zetu mbili zilikuwa kuukuu, na mfumo wake wa uendeshaji ulikuwa wa zamani mno, hautengenezewi tena kinga. Tukaagizwa tuweke mpya.

Fundi alipanda Machame kutoka Majengo, kule mjini, Alhamisi asubuhi, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani. Ukungu ulikuwa umeshuka migombani mpaka dirishani, na kengele ya mbuzi wa jirani ilisikika kama inatoka chini ya maji.

"Shikamoo mzee. Ndizo hizi? Zinakohoa kuliko mimi na baridi yenu!"

"Marahaba. Kunywa chai kwanza, hizo zimezoea."

Alicheka, akaziwasha. Baadaye akaniita. "Hii ya karani imejaa. Nikiweka mfumo mpya juu ya huu, utakwama. Lazima nifute yote nianze upya. Nihifadhi nini?"

Nikamtajia: ubatizo, ndoa, matangazo. Akavinakili kwenye flashi.

"Na hizi sauti? Ni nyingi, hazina majina, tarehe tu. Tumngoje mwenyewe?"

"Ni kwaya hizo. Wanakwaya wapo, wataimba tena."

"Una uhakika, mzee?"

Sikuwa nao. Sikufungua hata moja. Nilitaka mchungaji akute kazi imekwisha, na nilipenda kuulizwa kama mtu anayejua.

Vidoti vyeupe vikaanza kuzunguka kwenye kioo. Nilivitazama sijui kwa muda gani. Ukungu uliingia, chai ikapoa mkononi, na ofisi ikawa kama imeng'oka taratibu, inaelea juu ya migomba pamoja nasi. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri sana.

Jumatatu mdogo wangu alirudi na miwani myeusi. Akakaa, akasogeza uso karibu na kioo, akatafuta.

"Kaka, sauti za mama umeziweka wapi?"

Mwaka wa mwisho wa uhai wa mama, kila Jumamosi mdogo wangu alikaa naye jikoni karibu na moto, akamrekodi kwa simu. Mama alisimulia kwa Kichagga: alivyoolewa, wimbo wa kumtuliza ng'ombe akikamuliwa, kila mmoja wetu alikuwa mtoto wa namna gani. Sauti alizihamishia kompyuta ya ofisini, na simu ilipoharibika zikabaki pale tu. Nilijua anamrekodi. Aliniita mara nyingi nije nisikilize, nami nikawa namjibu, "Nikimaliza kuchuma kahawa."

Fundi aliichukua kompyuta, akakaa nayo majuma mawili. Alipata sauti za mikwaruzo tu, na mahali pamoja mtu anavuta pumzi kama anayetaka kusema.

Nikafanya haraka tena. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, nikalifunga fundo, nikampelekea mdogo wangu. Kwetu mtu akiletewa isale hakatai kusamehe, na akishalipokea kosa halitajwi tena. Aliligeuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

"Umewahi mno, kaka," alisema. "Hata sijamaliza kulia."

Lakini alilipokea. Kosa langu la pili ndilo hilo: nilimfunga mdomo kabla hajasema. Tangu siku ile hajataja sauti zile, na kwa kuwa hawezi kuzitaja, hamtaji mama pia. Tunasalimiana vizuri. Ananiuliza habari za mifugo, ananiletea ndizi. Nikimuuliza mama alisema nini juu yangu, anatazama mlimani na kusema mvua iko karibu.

Sasa nina miaka themanini. Kwa kukataa kungoja siku nne, nilipoteza sauti ya mama ambayo sikuwahi kuisikiliza, na nikampoteza mtu pekee aliyebaki ambaye angenisimulia alichosema.