Mwanzi wa Mikono Miwili

Juzi nilimtumbukiza kuku kwenye maji ya moto ili nimnyonyoe, na ile harufu ya manyoya yaliyolowa ikanitoa jikoni kwangu Katubuka, ikanipeleka ufukweni Ujiji nikiwa na miaka tisa. Wengi hawaipendi, wanaziba pua. Mimi nilisimama pale mpaka maji yakapoa na kuku akawa mgumu kunyonyoka.

Wakati huo tulikaa Buzebazeba. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu wa nyundo na vicheko, na mimi nilikuwa mtoto wake wa sahani moja. Akila, nala naye. Kisha kiharusi kikampiga. Alirudi kutoka hospitali mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Nitawaambia ukweli, ingawa unanitia haya mpaka leo: nilimwogopa. Zaidi niliuogopa ule mkono. Nilijiaminisha kwamba umekufa, kwamba ni wa baridi, na kwamba ukinigusa nami nitapooza. Nikahamia kula jikoni na mama. Baba akiniita, niliitika "Abee" kwa mbali, kisha nikajitafutia kazi uani.

Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta mjomba, kaka yake mama, amekuja kwa baiskeli kutoka Kidahwe. "Mwakeye!" akanisalimu kwa Kiha. Mwanzi mrefu kupita paa letu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Baba akatangaza kwamba daktari amemtaka afanye mazoezi, naye mazoezi yake atayafanyia ziwani, kwa kuvua.

Pesa ya vifaa hatukuwa nayo. Mshipi tuliupata kwenye wavu mbovu, tukaunga nyuzi kipande kwa kipande. Ndoano tatu alitoa mjomba. Chambo kilikuwa manyoya tu, yamefungwa kwenye ndoano kwa uzi mwekundu wa kiroba, ili yakipita majini yacheze kama dagaa. Manyoya yenyewe niliyachomoa kwenye mkia wa jogoo wa jirani, bila ruhusa. Jogoo yule alitembea wiki nzima kwa aibu, nami nikajifanya kumshangaa pamoja na watu wengine.

"Mwanzi huu unataka mikono miwili," baba akasema, maneno yakimtoka polepole. "Mimi ninao mmoja. Utaniazima wako?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Tukasimama asubuhi kwenye maji ya magotini, ziwa limetulia kabisa, milima ya Kongo ng'ambo ikionekana na kupotea kwenye ukungu, kana kwamba nayo haijaamka vizuri. Mkono wake wa kushoto ulishika chini, kwenye kitako cha mwanzi. Wangu ulishika juu. Mimi nasukuma, yeye anavuta kuelekea tumboni. "Subiri," aliniambia kila mara. "Mshipi haujanyooka huko nyuma."

Lakini nilikuwa mtoto wa haraka. Nikarusha kabla ya wakati, ndoano ikanasa ushungi wa bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa nyuma yetu. Ushungi ukapaa juu ya vichwa vyetu, ukatua ziwani.

"Nyie!" bibi akapiga kelele. "Samaki wa Ujiji siku hizi wanakaa kichwani kwangu?"

Baba akacheka. Kicheko kilitokea upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa kile kile cha zamani. Ndipo nikajua kwamba baba yangu bado yumo mle ndani, na nikafurahi mno.

Siku zikaenda, nikajifunza kusubiri. Sikumbuki ilikuwa asubuhi ya ngapi samaki mmoja, kuhe, alipoyakamata manyoya yetu. Mwanzi ukapinda, miguu yangu ikaanza kuteleza mchangani, nikapiga yowe. Baba akauinua mkono wake wa kulia, sijui kwa nguvu gani, ukaangukia juu ya wangu na kulala pale. Ulikuwa wa moto. Mzito, wa moto, una jasho. Mama anasema samaki yule alikuwa mkubwa. Mimi nakumbuka mkono tu. Mchana huo nilirudi kwenye sahani ya baba.

Kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba mimi ndiye niliyemrudisha baba ziwani. Sasa ametutoka. Mwaka jana, mimi na mama tukichambua mchele, nikajisifu kwa sauti. Mama akanitazama.

"Mjomba wako alileta mianzi miwili siku ile," akasema. "Mmoja mfupi, mwepesi, wa kurusha kwa mkono wa kushoto peke yake. Baba yako akamwambia, 'Huo rudi nao. Nikivua na huo, mtoto atanikaribia lini?'"

Nikaweka ungo chini. Mgonjwa alikuwa yeye, na bado alikuwa amekaa akifikiria namna ya kuniponya mimi woga wangu.