Mtaalamu wa Chanjo Afika Bujonde

Bibi Subilaga humtambua mtaalamu wa chanjo kwa suruali aliyoikunja isiguse mavi ya ng'ombe. Akishikwa mkono tu, mtaalamu hujipaka dawa ya kuua vijidudu viganjani kabla salamu hazijaisha. Kisha huchora chini kwa kijiti vinasaba vya kijidudu cha kifua kikuu, vimesokotwa kama kamba, na kwa sauti ya mhubiri hueleza jinsi kipande chake kitakavyoufundisha mwili wa ng'ombe, hata wa mtu, kumtambua adui. Mwaka huu ng'ombe wa bibi, mbavu nje, akaukoholea mchoro. Mtaalamu akaruka nyuma.

“Huyu utamchanja lini?” bibi akauliza.

“Bado tuko kwenye panya, bibi. Wanaendelea vizuri sana.”

“Ndaga fijo, asante sana, baba. Wasalimie sana hao panya.”